Papai Bichi Hulainisha Nyama. Je, Hutibu Tumbo?

Mpishi wa Pwani akipewa nyama ya ng'ombe mzee hahangaiki. Hutafuta papai bichi, akalimenya na kulikwangua, akalichanganya na tangawizi, kitunguu thomu, ndimu na chumvi, kisha akaipaka nyama ya mishkaki na kuiacha kwa kitambo. Nyama iliyokuwa ngumu kama ngozi ya ngoma huja ikaliwa hata na bibi asiye na meno. Ujuzi huu wengi wetu hatukuusoma kitabuni. Tumeurithi jikoni, kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Ni ujuzi wa kweli, wala hauna ubishi. Lakini juu ya ujuzi huo yamezuka maneno mengine. Watu huambiwa kwamba, maadamu papai huyeyusha nyama, basi litayeyusha na maradhi ya tumbo. Huuziwa unga wa mbegu zake, maji yake ndani ya chupa na vidonge vya nanasi. Wako wanaoviamini hata wakaacha dawa ya hospitali. Hapo ndipo inapofaa kupambanua kipi ni kipi.

KAZI YA KIMENG'ENYA

Kinacholainisha nyama ni kitu ambacho wataalamu hukiita kimeng'enya. Vimeng'enya vimo katika kila kiumbe chenye uhai, na kila kimoja kina kazi yake. Kiko cha kuvunja wanga, kiko cha kuvunja mafuta, na kiko cha kuvunja protini, ambayo ndiyo mwili wa nyama, samaki na mayai.

Msomaji anaweza kukijaribu kimoja sasa hivi bila gharama. Chukua kipande cha mkate usiotiwa sukari, ukitafune polepole wala usimeze. Baada ya muda utasikia utamu. Sukari hiyo imetokana na wanga wa mkate uliovunjwa na kimeng'enya kilichomo katika mate yako.

Cha papai kimo ndani ya ule utomvu mweupe kama maziwa unaotoka tunda bichi linapokatwa. Anayemenya mapapai mengi bila kunawa huona mikono ikimwasha, kwa kuwa ngozi ya binadamu nayo ina protini. Mwaka 1879 mtaalamu wa Ufaransa, Adolphe Wurtz, pamoja na mwenzake, walikitenga kimeng'enya hicho na kukiita papaini. Baadaye utomvu huo ukawa bidhaa, na Tanganyika na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupeleka ng'ambo. Mapapai mabichi yalichanjwa mtini, utomvu ukakingwa na kukaushwa, kisha ukauzwa kwa viwanda vya nyama na vya ngozi.

Nanasi nalo lina chake, ambacho huitwa bromelaini. Hiyo ni sababu mojawapo ya ulimi kuwasha mtu akila nanasi jingi. Hata tangawizi ina kimeng'enya cha kuvunja protini, na kwa hiyo mpishi anapoitia katika nyama haongezi harufu peke yake.

MOTO NI RAFIKI NA ADUI

Kuna jambo moja ambalo wapishi wengi hawaambiwi. Papaini haifanyi kazi kubwa nyama ikiwa baridi. Huchangamka hasa nyama inapoanza kupata moto juu ya jiko, kisha moto ukizidi hufa kabisa. Ndiyo maana kuiacha nyama katika papai usiku kucha hakuna faida kubwa, bali upande wa nje hurojeka na ndani pakabaki vile vile. Na ndiyo maana mchuzi uliochemka hauna tena kimeng'enya kilicho hai. Nyama imelainika, lakini mtumishi aliyeilainisha amekwisha kufa jikoni.

Kuna na jambo la pili. Papai linavyozidi kuiva ndivyo utomvu wake unavyopungua. Kwa hiyo lile papai jekundu tamu tunalokula baada ya chakula lina papaini kidogo mno. Je, halina faida? Lina faida nyingi, ila si hiyo. Lina maji, lina nyuzinyuzi zinazosaidia choo kisiwe kigumu, na lina vitamini A na C. Aliyekuwa akifunga choo akaona nafuu kwa kula papai hakudanganyika. Amesaidiwa na nyuzinyuzi na maji.

TUMBO LINA WATUMISHI WAKE

Mwenyezi Mungu hakuliacha tumbo la binadamu likingoje papai. Tumboni mna asidi kali na kimeng'enya cha kuvunja protini. Chakula kikiteremka katika utumbo mdogo hukutana na nyongo kutoka kwenye ini, na maji ya kongosho, ambayo kwa mtu mzima hufika kadiri ya lita moja na nusu kwa siku. Maji hayo yana vimeng'enya vya wanga, vya mafuta na vya protini. Mtu mwenye afya hakupungukiwa. Tena vimeng'enya vya chakula ni protini, na kwa kawaida sehemu yake kubwa huvunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote.

Viko vyakula, hata hivyo, ambavyo vimeng'enya huwa vimetufanyia kazi kabla hatujavila. Tende laini ikiiva, kimeng'enya chake chenyewe huvunja sukari yake ikawa nyepesi, na ndiyo sababu aliyefunga mchana kutwa akianza kwa tende hupata nguvu upesi. Asali vilevile: nyuki huitia kimeng'enya kinachovunja sukari ya maua. Hata wapimaji wa asali hutazama vimeng'enya vyake ili wajue kama imechomwa moto kupita kiasi. Na mtu mzima ambaye maziwa mabichi humjaza tumbo aghalabu huyamudu maziwa lala, kwa kuwa vijidudu vyema vilivyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari iliyokuwa ikimsumbua.

VIDONDA SI MCHEZO

Hatari huanza pale matunda yanapofanywa badala ya tabibu. Vidonda vya tumbo ni mfano. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachoishi tumboni na kusababisha vingi vya vidonda hivyo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho hupimwa, na huuawa kwa dawa za hospitali zinazomezwa kwa siku zilizowekwa. Anayekunywa maji ya papai miezi sita huku kijidudu kingali ndani huenda akaja kutapika damu.

Mama mjamzito naye ajiepushe na papai bichi lenye utomvu, kwa maana majaribio juu ya wanyama yameonyesha kwamba utomvu huo huweza kuukaza mfuko wa uzazi. Papai lililoiva vizuri halina tatizo hilo. Na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande wamuulize daktari kabla ya kumeza vidonge vya papai au vya nanasi.

Wako wagonjwa ambao kongosho lao limeharibika kweli. Hao huhitaji dawa yenye vimeng'enya, na bila dawa hiyo hukonda ingawa wanakula. Jambo ambalo Muislamu yapasa alijue ni kwamba dawa hizo aghalabu hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Asishtuke akaitupa dawa, wala asinyamaze. Amuulize daktari kama ipo nyingine, na asipopata amwendee shehe mwenye elimu, kwani sheria yetu ina mlango wa dharura na haikuja kumwangamiza mgonjwa. Lakini mtu mzima wa afya anayenunua vidonge vya kusaga chakula kwa sababu amevimbiwa tu hana dharura yoyote. Huyo asome kwanza kilichoandikwa juu ya chupa.

Na kuvimbiwa kwenyewe kuna chanzo kinachojulikana. Mwezi wa Ramadhani, tende hufuatwa na uji, uji na sambusa, sambusa na kaimati, kisha viazi vya nazi, mbaazi na biriani, yote kabla ya Isha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Anayelijaza lote chakula, kisha akatafuta papai limpunguzie, anataka tunda limfanyie kazi iliyompasa mkono wake.

Papai bichi tuliachie mishkaki, papai bivu tulile kwa afya, na maumivu ya tumbo yasiyokwisha tuyapeleke hospitali mapema.