Universite imefika Kalemie, lakini nani anabeba mzigo?

Siku matokeo ya Egzamini ya Leta yanatoka, Kongolo hailali. Vijana wanamwagiana pudra nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi barabara nzima, mama anachinja kuku aliyekuwa wa kutaga. Kesho yake pudra inaoshwa. Baba anarudi kwenye shimo na neno moja rohoni: "Sasa tutafanya namna gani na huyu mutoto?"

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaulizwa neno hilo kila mwaka. Leo tunaandika jibu letu, kwa sababu siku za nyuma hatukujibu vizuri.

Zamani ilikuwa mbali

Papa zetu hawakuwa na swali hilo. Wabelgiji walikaa Kongo miaka mingi bila kufungua universite. Lovanium ilianza Léopoldville mwaka 1954, na ile ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikafungua milango mwaka 1956. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 reli iliunganisha Kabalo na Kamina, kwa hiyo mtu wa Kongolo aliweza kupanda treni mpaka kule kwenye shaba. Njia ilikuwepo, lakini kiti hakikuwepo: mwanzoni wengi waliokaa kwenye madarasa yale walikuwa Wazungu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza universite hawakufika hata 30, katika inchi nzima kubwa namna hii.

Mwaka 1971 Leta ya Mobutu iliunganisha universite tatu, ya Kinshasa, ya Lubumbashi na ya Kisangani, ikaziita UNAZA. Masomo yakagawanywa: sheria Kinshasa, lugha na mambo ya jamii Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani. Mtoto wa Kongolo aliweza kutumwa mahali ambapo hana hata shangazi mmoja. Lakini Leta ilimbeba. Kulikuwa na bursi, kulikuwa na kitanda, kulikuwa na sahani ya chakula kwenye kampasi. Haikuwa maisha ya tajiri, lakini mtoto wa mchimbaji alisoma bila baba kuuza baiskeli.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na Universite ya Lubumbashi ikasimama peke yake. Falanga zikapoteza nguvu, bursi ikakonda mpaka ikafa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi ya Lubumbashi, na hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya migomo na ya walimu wasiolipwa, na mzazi ndiye aliyebaki kulipa. Tunaweza kusema hivi: tangu hapo mzazi amekuwa Leta.

Sasa iko karibu, lakini si bure

Baadaye Lubumbashi ilifungua tawi Kalemie, na tawi likakua likawa Universite ya Kalemie, universite ya Leta inayojitegemea. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne, na Kalemie ikawa mji mkuu wa Tanganyika yetu. Hilo ni jambo zuri na tunalisifu. Mtoto halazimiki tena kwenda Lubumbashi kwa kila kitu, ijapokuwa kwa jiolojia na mambo ya migodi kule bado kuna jina kubwa.

Lakini neno "karibu" linadanganya. Kutoka Kongolo, treni inazunguka Kabalo halafu Nyunzu. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1915, zaidi ya miaka 100 imepita, na bado mwanafunzi anaweza kulala stesheni na gunia lake akingoja. Akishika njia ya pikipiki wakati wa mvua, anafika na matope mpaka masikioni, na mfuko umekwisha.

Mtoto wa mwenzetu

Kuna habari moja tunaisema kwa haya. Mwenzetu mmoja alifunikwa na udongo shimoni. Tulilia, tukazika, na mbele ya mjane wake tukaapa kwamba mkubwa wa watoto atasoma. Tulichanga kweli. Kijana alikwenda, akalipa mwaka wa kwanza, akapita vizuri.

Mwaka wa pili bei ya madini ilishuka. Huyu akasema atatoa mwezi ujao, yule akahama kwenda machimbo mengine. Hakuna aliyekataa, na hakuna aliyetoa. Kijana alifukuzwa kwenye mitihani kwa sababu ya deni, akarudi Kongolo kimya. Leo anachimba pamoja nasi. Tukimpa pole anajibu, "Papa, mulinionyesha mulango, hamukuniingiza." Hatukuwa na la kumjibu. Hatukukosa moyo. Tulikosa hesabu: tulihesabu mwaka mmoja, na masomo ni mitatu au mitano.

Tuhesabu kabla ya kupanda treni

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ilianza mfumo wanaouita LMD: lisansi miaka 3, halafu masta miaka 2. Zamani ilikuwa gradua 3 na lisansi 2. Maana yake ni kwamba ukiweza kubeba miaka 3 kamili, mtoto anashika diploma ya lisansi. Kwa udaktari muda ni mrefu zaidi.

Minervali ndiyo gharama inayoonekana. Bei yake inabandikwa na universite kila mwaka, inalipwa kwa awamu, na promosyo moja haifanani na nyingine. Msiulize bei kwa mtu wa barabarani, someni tangazo. Mlipe benki na mchukue borderó. Falanga inayopita mkononi bila karatasi ni falanga iliyopotea, hata kama anayeipokea anacheka vizuri.

Gharama isiyobandikwa ukutani ndiyo inayowavunja wengi: njia ya kwenda na kurudi, chumba, unga wa bukari, silabusi na fotokopi, mega za simu, dawa ya malaria, na mwaka wa mwisho staji na kazi ya kuandika. Wengi wanakwama pale pale mwishoni, kwa sababu ng'ombe ameliwa wote na mkia hauna mnunuzi. Chumba na chakula vinapungua bei watoto watatu wa Kongolo wakikaa pamoja, na debe la mafuta ya mawese kutoka kwetu likiwafuata.

Likelemba tunaijua wote. Tuitumie kwa hili. Tuseme wachimbaji 20, kila mmoja anaweka FC 1.000 kwa juma. Ni FC 20.000 kwa juma, FC 800.000 kwa majuma 40, FC 2.400.000 kwa miaka 3. Hatusemi inatosha kila kitu. Tunasema inamzuia mtoto kufukuzwa siku ya mtihani. Masharti ni mawili tu: falanga haiguswi kwa matanga wala kwa ndoa, na tunaanza kuweka mtoto akiwa bado darasa la tano la sekondari.

Na binti pia. Mara nyingi falanga ikiwa kidogo, kaka anakwenda na dada anaambiwa bwana atampata. Kwenye likelemba yetu tuandike majina kwa kufuata matokeo ya mtoto.

Haki tusiyoidai

Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ya Leta ni bure, na ilianza kufuatwa kweli mwaka 2019. Universite haimo. Lakini Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema 15% ya ushuru wa madini ni ya maeneo ya chini yanayotoa madini, na kampuni yenye ruhusa ya kuchimba iweke walau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sisi tunaochimba kwa mikono ndani ya koperative, hiyo 0,3% haitoki kwetu. Ila pale kampuni ipo, wenyeji wanakaa nayo mezani kuandika mkataba wa kazi za maendeleo. Siku hiyo tumezoea kuomba paa na pampu ya maji. Ni vizuri. Tuombe pia bursi kwa watoto wa machimbo, na orodha ya majina ibandikwe ukutani kila mtu aione.

Pudra iendelee kumwagwa, watoto wameifanyia kazi. Lakini usiku uleule, kabla ya kulala, papa na mama mkae na daftari. Andikeni miaka mitatu, si mmoja. Halafu mtuletee daftari hilo mapema, wakati bado kuna la kufanya.