"Huyu Siye Niliyemsoma": Hasira ya Msomaji na Nadharia ya Upokezi

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kuandamana na wanafunzi wake kwenda kutazama tamthilia teule ikiigizwa anaujua mnong'ono huu. Mwigizaji anajitokeza jukwaani na, kabla hajatamka neno, mtu anasema: "Aa, huyu si Sara!" Mwaka mmoja, katika ukumbi mmoja hapa Thika, msichana niliyemfundisha alisema hivyo kwa uchungu, kana kwamba ameibiwa. Tuliporudi darasani nilimwuliza Sara wa Bembea ya Maisha anafananaje. Akanieleza kinaganaga: mwanya, sauti ya chini, mwendo wa polepole. Nikamwomba anionyeshe ukurasa. Alipekua, akasita, kisha akacheka. Alikuwa akimweleza nyanya yake wa Gatundu.

Makala haya yanalenga kueleza hasira ya aina hiyo inatoka wapi, na jinsi mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kuitumia badala ya kuipuuza. Mfano wetu mkuu unatoka mbali, katika filamu ya fantasia, kwa sababu huko hasira hiyo ilionekana na ulimwengu mzima.

Kionjo cha mwaka 2022

Mnamo Februari 2022, kampuni ya Amazon ilitoa picha na kionjo cha kwanza cha The Rings of Power, tamthilia ya televisheni iliyotokana na maandishi ya J.R.R. Tolkien. Tolkien (1892–1973) alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini. Riwaya yake, The Lord of the Rings, ilichapishwa kati ya 1954 na 1955. Tamthilia yenyewe haikuanza kuonyeshwa hadi Septemba mwaka huo wa 2022. Kwa hivyo, kwa muda wa miezi saba, mashabiki walibishana kuhusu kazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameitazama.

Malalamiko mawili yalivuma kuliko mengine. La kwanza lilimhusu Arondir, mhusika wa jamii ya Waelfi, viumbe wasiozeeka, aliyeigizwa na Ismael Cruz Córdova, mzaliwa wa Puerto Rico mwenye ngozi nyeusi. La pili lilimhusu Disa, mke wa mwana wa mfalme wa mbilikimo, aliyeigizwa na Sophia Nomvete. Baadhi ya mashabiki hawakupendezwa na rangi yake. Wengine waliuliza ndevu zake ziko wapi. Matusi ya ubaguzi dhidi ya waigizaji yalizidi hata Septemba waigizaji wa tamthilia hiyo wakatoa taarifa rasmi ya kuyalaani.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa au kuwalaani wote kwa pamoja. Mhakiki hafanyi hivyo. Kazi yake ni kuuliza: ni nini hasa kinachotendeka akilini mwa msomaji anayesema "huyu siye"?

Upeo wa matarajio na mapengo

Nadharia inayotufaa hapa ni ile ya upokezi, iliyojengwa na wahakiki wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa 1967, alishikilia kwamba msomaji haji mbele ya kazi akiwa mtupu. Huja na upeo wa matarajio: kazi alizowahi kusoma, kanuni za utanzu anazozijua, na maisha yake mwenyewe. Kazi mpya huweza kuutosheleza upeo huo, kuuvunja au kuupanua.

Mwenzake, Wolfgang Iser, alitilia mkazo mapengo. Hakuna mwandishi anayesema kila kitu. Akisema "mama aliingia", hataji urefu wa pua yake wala rangi ya viatu vyake. Msomaji hulijaza pengo hilo bila kujua kwamba analijaza. Hapo ndipo nyanya wa Gatundu anapoingia kitabuni.

Jukwaa na filamu, kwa upande mwingine, haziruhusu pengo la namna hiyo. Mwigizaji lazima awe na uso, sauti na rangi. Kuhawilisha kazi, yaani kuihamisha kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, ni kuchagua jibu moja pale ambapo kila msomaji alikuwa na lake. Kwa hivyo hasira huja hata kazi ikihawilishwa kwa ustadi. Msomaji anaona kwamba kitabu kimebadilishwa, kumbe kilichobadilishwa ni picha aliyoijaza mwenyewe.

Kurudi katika matini

Je, basi, kila lalamiko la shabiki ni la kubuni? La hasha. Kipimo ni matini.

Tuanze na ndevu za Disa. Katika viambatisho vya riwaya yake, Tolkien anaeleza kwamba wanawake wa mbilikimo hufanana na wanaume wao kwa sauti na sura kiasi kwamba watu wa jamii nyingine hawawezi kuwatofautisha. Anayelalamika kuhusu ndevu ana mahali pa kusimama. Tunaweza kumjibu kwamba mtayarishaji ana uhuru wake wa kisanaa, ila hatuwezi kumwambia kwamba ameota.

Lalamiko kuhusu rangi ya Arondir lina msingi dhaifu zaidi. Arondir hayumo kabisa katika vitabu vya Tolkien. Alibuniwa na waandishi wa tamthilia. Ni kweli viambatisho vina sentensi inayowaeleza Waelfi kuwa weupe wa ngozi, lakini Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, alieleza baadaye kwamba maneno hayo awali yaliandikwa kuhusu kundi moja tu la Waelfi, na Arondir si wa kundi hilo. Zaidi ya hayo, dibaji ya riwaya inawataja Waharfoot, jamii ya watu wafupi, kuwa na ngozi ya kahawia zaidi kuliko wenzao. Ulimwengu wa matini haukuwa wa rangi moja kama walivyodai wengi. Weupe huo ulitoka kwa sehemu kubwa katika upeo wa matarajio: michoro, filamu za awali na mazoea.

Mwanafunzi aone jambo hili waziwazi: malalamiko mawili yaliyotolewa kwa sauti moja na hasira moja hayana uzito mmoja. Sauti kubwa si ushahidi.

Yanamhusu nini mtahiniwa?

Wanafunzi wetu wa Thika na Ruiru wanaufahamu uhawilishaji kuliko tunavyodhani. Wengi wamekaa katika vibanda vya video wakimsikiliza DJ Afro akiwatilia waigizaji wa ng'ambo maneno ambayo hawakuyatamka. Wanacheka kwa sababu wanajua maneno ni yake. Tatizo huzuka wanapotazama kitabu teule kikiigizwa, wakasahau tofauti hiyo.

Nimesahihisha insha iliyothibitisha ulevi wa Yona kwa kusema kwamba aliingia akiyumba na kuimba wimbo fulani. Wimbo huo ulikuwa ukivuma redioni mwaka huo; kikundi cha waigizaji ndicho kilichouongeza. Mwanafunzi alikuwa na hoja sahihi, kwani Yona ni mlevi na ulevi ulimpotezea kazi ya ualimu. Ushahidi wake ndio uliokuwa wa jukwaani. Katika karatasi ya tatu, ambapo kila swali lina alama 20, hoja isiyo na mfano kutoka matini hupungukiwa, na mwenye kuiandika huenda asijue kamwe alikwama wapi.

Hatusemi wanafunzi wasipelekwe kutazama maigizo. Tamthilia huandikwa ili iigizwe. Tunasema warudi na maswali matatu: Nimeona nini? Kitabu kinasema nini? Mimi nilikuwa nimejaza nini?

Zoezi la darasani

Chukua shujaa tunayemfundisha katika fasihi simulizi, Fumo Liyongo. Masimulizi yanatuambia kwamba alikuwa na umbo kubwa la ajabu, na kwamba aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Waambie wanafunzi wamchore, kisha waandike kando ya kila sehemu ya mchoro "nimesoma" au "nimejaza". Nilipolifanya zoezi hili nilipata Maliyongo arobaini, na karibu kila mmoja alikuwa na kovu usoni ambalo hakuna aliyeweza kusema amelisoma wapi. Siku kionjo cha filamu ya Liyongo kitakapotoka, wanafunzi hao watakuwa na haki ya kukasirika. Ila watajua wanamkasirikia nani.

Hitimisho

Msomaji anayekasirika ni msomaji aliyesoma kwa moyo, na mwalimu asimzime. Amwelekeze kitabuni. Msichana wangu alimwandika Sara upya kwa kutumia maneno na matendo yaliyomo kitabuni. Nyanya yake alibaki moyoni mwake, mahali panapomfaa.

Maswali ya marudio

1. Eleza maana ya upeo wa matarajio na mapengo katika nadharia ya upokezi.
2. Teua mhusika mmoja katika tamthilia uliyoisoma. Taja sifa zake tatu, ukithibitisha kila moja kwa mfano kutoka matini.
3. "Kuhawilisha ni kuchagua." Jadili kwa kurejelea maigizo yoyote uliyoyatazama.