Mchanga Unaouza kwa Lori Ndio Tangi la Maji la Ocha Yenu

Ukipita Tulia, Kitui, wakati wa kiangazi, utaangalia mto uone umekufa. Ni mchanga mtupu, na punda wakibeba mitungi. Sasa jiulize: hao punda wanatoa maji wapi?

Chini ya huo mchanga, buda.

Iko hivi. Mvua ya Ukambani hunyesha kwa fujo, halafu inapotea. Ndio maana wasee hujenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto, umekalia mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito unabaki nyuma ya ukuta, matope mepesi yanapita juu. Baada ya misimu kadhaa hapo panajaa mchanga, na katikati ya punje kunakaa maji, kama robo hivi ya ujazo wote, wakati mwingine zaidi. Jua haliyafikii, mbu hazizaliani, na mchanga wenyewe unayachuja. Bili ya stima? Zii.

SASOL, shirika la hapo Kitui, limesaidia wanakijiji kujenga mabwawa zaidi ya 500 ya aina hii. Wanakijiji huleta mawe na nguvu zao. Waholanzi nao, watu ambao karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, walikuja na vipimo. Watafiti wa chuo cha VU Amsterdam walifuatilia maji pale Kiindu, wakaona kingo za mto pia zinajaa na kurudisha maji mtoni pole pole kiangazi kikibamba. Kumbe ukuta mmoja unanywesha hadi shamba la jirani.

Lakini usijidanganye: kuchujwa si kuuawa kwa viini. Ng'ombe wakinywea hapo hapo na choo kikichimbwa karibu, utaumwa na tumbo. Weka shimo la kuchotea mbali na mifugo, kisha chemsha au tia dawa.

Na hapa ndio noma. Mjengo wa Nairobi unataka mchanga, na vijana wa ocha wanataka doo. Makueni walipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka wa 2015 kwa sababu lori likishapakia, maji hayana pa kukaa. Doo ya lori inaisha wikendi. Mathako atatembea na mtungi hadi mvua irudi.

Wikendi ukienda ocha, uliza mchanga wa mto wenu unaenda wapi.