UNATAKA KUUZA MZIGO WOTE UKASOME BIASHARA NJE? PIGA HESABU HIZI KWANZA

Leo sio posti ya mzigo mpya, ni posti ya hela kubwa.

Matokeo ya form six yakishatoka tu, simu zetu zinajaa matangazo ya mawakala. Kasome Usimamizi wa Biashara nje ya nchi, ile wanayoita BBA, masomo yote kwa Kiingereza, nafasi ni chache, lipia mapema. Sisi tunaouza mtandaoni ndio wa kwanza kushawishika, kwa sababu mbili. Kwanza, biashara tunaipenda, kwahiyo kuisomea inaonekana ndio hatua inayofuata. Pili, hela tunayo mkononi. Kijana wa Makanyagio anayeuza viatu kwenye status, ana mzigo wa milioni nne, anaweza kuutoa kwa bei ya kutupa na kesho yake akalipa kishika uchumba cha wakala.

Sikwambii usiende. Nakwambia uichukulie hiyo shahada kama mzigo unaouagiza nje. Ukiagiza mzigo unauliza maswali: Muuzaji yupo kweli? Bei ya kufika mlangoni ni ngapi? Ukifika hapa utauzika? Basi uliza hayohayo.

1. JUA UNANUNUA NINI

BBA ina masomo yanayofanana karibu kila nchi: uhasibu, uchumi, masoko, takwimu, sheria za biashara, fedha, na jinsi ya kuongoza watu. India na Uganda kwa kawaida ni miaka 3. Uturuki, China na Marekani ni miaka 4.

Mengi ya mwaka wa kwanza unayafanya tayari, ila hujui majina yake. Mfano: kodi ya fremu 60,000, bando na boda 30,000, jumla 90,000 kwa mwezi. Kila pea ya viatu inakupa faida ya 6,000. Gawanya, unapata pea 15. Pea 15 za kwanza zinalipa gharama tu, faida yako inaanza pea ya 16. Chuoni hilo ni somo kabisa na lina mchoro wake. Wewe unalijua kwa maumivu ya tarehe ya kodi.

Shahada inakuongezea nini basi? Inakufundisha kuandika mahesabu ambayo benki itayasoma ikakuelewa, kusoma mkataba kabla hujasaini, kupima soko kwa takwimu badala ya hisia. Na inakufungulia mlango wa ajira, hiyo ni faida kubwa.

Isichokupa ni wateja. Hakuna mwalimu wa Kuala Lumpur atakayekwambia kwamba hela ya Mpanda inachangamka baada ya mavuno ya mpunga na mahindi. Hiyo unayo wewe.

Angalia hata matajiri wetu. Mohammed Dewji alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akamaliza 1998, akarudi kwenye kampuni ambayo baba yake alishaianzisha. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaanza na biashara ndogo ya chakula. Mmoja alisoma, mwingine hakusoma, wote wamefika. Kwahiyo swali la maana ni hili: wewe, na mtaji wako huo, unaihitaji shahada kwa kazi gani?

2. JE, ITATAMBULIKA NYUMBANI?

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Tanzania ina TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Ukirudi na shahada ya nje, TCU ndio wanaosema inatambulika au haitambuliki. Na kabla hujaondoka unatakiwa uombe kwao cheti cha kutokuwa na pingamizi. Wanaangalia chuo unachokwenda na sifa zako.

Sifa za kuingia shahada hapa kwetu kwa njia ya form six ni principal mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Sisi tulioishia form four njia ipo, ila ni ya ngazi: unaanza cheti, kwa kawaida mwaka 1, halafu stashahada miaka 2, ndipo shahada. Kwahiyo wakala akikwambia "form four inatosha, unaingia shahada moja kwa moja", simama hapo hapo. Chuo cha huko kinaweza kukupokea kweli, maana kinataka ada. Lakini swali ni kama TCU watakitambua hicho cheti ukirudi nacho. Waulize kwanza, tovuti yao ni tcu.go.tz. Wakala naye muulize kama anatambuliwa na TCU, halafu usichukue jibu lake, kauliza mwenyewe.

Na usipange safari ukitegemea Bodi ya Mikopo. Mikopo yao ya shahada ya kwanza kwa kawaida ni ya wanaosoma vyuo vya hapa nchini.

3. MUUZAJI YUPO KWELI?

Kila nchi ina mamlaka yake ya vyuo. Uganda ni NCHE, Kenya ni CUE, India ni UGC. Hao UGC wa India huwa wanatoa hadharani orodha ya vyuo feki, yaani majengo yanayojiita vyuo vikuu na hayana ruhusa ya kutoa shahada. Dakika kumi za bando zinaweza kukuokolea milioni kumi.

Kuwa makini na neno "Ulaya" pia. Kuna mawakala wanauza Cyprus kama Ulaya. Kisiwa hicho kimegawanyika tangu 1974. Upande wa kaskazini ulijitangaza nchi mwaka 1983, na mpaka leo ni Uturuki peke yake inayoutambua. Sheria za Umoja wa Ulaya hazifanyi kazi upande huo. Kwahiyo ukisikia Cyprus, swali la kwanza ni: upande upi? Kwenda kaskazini sio kosa, ila usiuziwe kitu kimoja ukapewa kingine.

Kwenye malipo fanya kama unavyofanya na muuzaji mgeni. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu. Lipa kwenye akaunti ya chuo chenyewe, baada ya kuwaandikia chuo kwa anwani iliyopo kwenye tovuti yao na wao kukuthibitishia kwamba barua yako ya kukubaliwa ni ya kwao.

4. KIINGEREZA: JIPIME KABLA HUJALIPA

Sekondari tulisoma kwa Kiingereza, lakini tuseme ukweli: mwalimu alisoma kwa Kiingereza, akaelezea kwa Kiswahili. Kampala au Nairobi hakuna huyo wa kukuelezea kwa Kiswahili darasani, na Bangalore ndio kabisa.

Jipime bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, unatoa vitabu vya chuo bila malipo kwenye mtandao, vikiwemo vya utangulizi wa biashara, uhasibu na usimamizi. Pakua kimoja, soma sura moja. Ifunge, uandike nusu ukurasa kwa Kiingereza chako ukielezea ilichosema, ukitumia biashara yako kama mfano. Ukiweza, uko vizuri. Ukikwama kila mstari, usikate tamaa, ila kaa nyumbani miezi sita ujinoe ukiwa bado unauza. Kujifunzia lugha ndani ya ada ya dola ni ghali sana.

Vyuo vingine vitadai mtihani wa IELTS au TOEFL. Majibu yake yanatumika miaka 2 tu, kwahiyo usikimbilie kuulipia kabla mipango haijakaa sawa.

Uliza pia mafundisho ni kwa lugha gani kweli. Uturuki kuna kozi za Kiingereza na kuna za Kituruki, wakati mwingine ndani ya chuo kimoja. Ukipata ufadhili wa serikali yao kwa kawaida unaanza na mwaka mzima wa Kituruki. Huo ni mwaka 1 zaidi kwenye hesabu yako.

5. BEI YA KUFIKA MLANGONI

Twende kwenye namba sasa. Hizi ni za mfano, wewe weka zako.

Ada iliyotangazwa ni dola 1,500 kwa mwaka. Tuseme dola 1 ni shilingi 2,600. Hiyo ni 3,900,000 kwa mwaka, miaka 3 ni 11,700,000. Wengi wanaishia hapo.

Endelea. Pasipoti, viza, bima, tiketi, kibali cha kuishi, chumba, chakula. Kila kimoja kiandike kwa namba yake, na chakula na chumba zidisha kwa miezi 36.

Halafu kuna gharama ambayo wakala hawezi kukutajia: faida unayoiacha. Kama duka lako linakuingizia faida safi ya 250,000 kwa mwezi, kwa miezi 36 ni 9,000,000. Hela hiyo hutaitoa mfukoni, lakini hutaipata. Jumlisha na ada, tayari ni 20,700,000, na bado hujala wala hujalala.

Na dola haikai sehemu moja. Ikipanda kutoka 2,600 hadi 2,800, ada ileile inakuwa 4,200,000. Ni 300,000 zaidi kila mwaka, chuo hakijapandisha hata senti.

"Nitafanya kazi hukohuko nijilipie." Angalia sheria ya viza kwanza. India viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi. Uingereza mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mpango wa ada unaotegemea kibarua ni sawa na kukopa mzigo kwa ahadi ya mteja ambaye hujawahi kumuona.

6. NJIA ZISIZOUA DUKA

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kinafundisha kwa masafa na kina vituo vya mikoa. Unasoma ukiwa unauza. CBE, chuo cha elimu ya biashara cha tangu 1965, kina kampasi Dar, Dodoma, Mwanza na Mbeya, na kinaanzia ngazi ya cheti.

Kama lazima iwe ya nje na kwa Kiingereza, kuna University of the People ya Marekani, ilianza 2009, inafundisha BBA kwa mtandao. Haitozi ada ya mafundisho, ila unalipia maombi na kila somo. Hapo napo waulize TCU kwanza.

Na ufadhili upo: serikali za China, India na Uturuki zinatoa nafasi. Maombi ya Türkiye Bursları hayalipiwi, na shahada ya kwanza wanataka wenye umri chini ya miaka 21. Ukiona mtu anakuuzia fomu yake, huyo sio wao.

KWAHIYO NIENDE AU NISIENDE?

Nenda kama una sifa TCU wanazozitaka, una ufadhili au familia inayoweza kubeba ada yote bila kugusa mzigo, na kuna kazi maalum unayoitaka hiyo shahada iifanye. Hapo ni fursa kweli, usiogope.

Usiende kama hela pekee uliyonayo ni ya kwenye mzigo. Ada ya mwaka wa kwanza itakula duka, mwaka wa pili hutakuwa na shahada wala duka, na mwaka wa pili ndio mrefu kuliko yote ukiwa ugenini. Kuza duka kwanza, soma ngazi kwa ngazi hapa nchini, Kiingereza unakinoa usiku. Vyuo havihami.

Kama una mdogo wako au mteja aliyetumiwa tangazo la wakala wiki hii, mtumie posti hii kabla hajalipa. Na wewe unayepiga hesabu zako sasa hivi, weka swali lako hapo chini, tuzipige pamoja. Kazi njema.