Ndege Isiyo na Rubani Yabeba Damu

Tulipokuwa chuoni, maalimu alitusimulia habari za Ababili, ndege waliokuja makundi kwa makundi wakibeba mawe. Sikudhani kuwa nitaishi hata nisikie habari za ndege zibebazo damu, tena zisizo na rubani.

Msomaji mpenzi, mimi nimezaliwa Pate. Kwetu safari ya kwenda Lamu haiamuliwi na nahodha, bali na maji. Yakitoka, mashua hukaa matopeni. Dada yangu alijifungua usiku, damu ikamtoka isikatike. Tukamtia mashuani, tukangoja maji yajae. Yalipojaa, yeye alikuwa amekwisha tutoka. Ndiyo sababu habari hizi sizichukulii kuwa mchezo.

Rwanda haina bahari, lakini ina vilima, navyo vilima huua kwa kuchelewesha. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilifungua kituo Muhanga, na 2018 ikaongeza cha pili Kayonza. Kazi yenyewe huenda hivi: hospitali ya mbali hupeleka ujumbe kwa simu, ikitaja damu iitakayo. Damu hufungwa katika kisanduku, ndege ikafyatuliwa kama jiwe la teo, ikajiongoza yenyewe. Ifikapo haitui. Hushuka kidogo, huangusha mzigo kwa mwavuli, kisha hurudi kituoni, ambako hunaswa kwa kamba ingali hewani.

Je, yafaa kitu? Wataalamu walizipima safari za damu za huko kati ya 2017 na 2019. Kwa wastani damu ilifika kwa dakika 50 hivi, ikitangulia gari kwa zaidi ya saa nzima. Damu iliyokuwa ikitupwa kwa kupitwa na muda wake ikapungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12. Kwangu hili la pili ndilo kubwa. Chembe za kugandisha damu hudumu siku chache tu. Zikigawanywa mapema kwa kila hospitali, huharibika hapa huku kule zikikosekana. Ndege imewezesha akiba ikae pamoja, na kila mfuko uende unakohitajiwa.

Lakini mwanzo wa ngoma ni lele. Mwaka 2018 ndege ya namna hii ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, ilhali kwa barabara ni kilomita 240 na yaweza kuchukua saa 6. Lilikuwa jaribio la miezi 6, nalo likamalizika. Rwanda haikukomea kwenye jaribio: serikali iliweka mkataba, ikalipa, ikaifunga kazi hiyo na idara yake ya damu. Hapo ndipo shani ilipogeuka desturi.

Hapa Kenya nasi, upande wa Kisumu, tumezionja ndege hizo. Nafurahi. Ila wakubwa wakija kukata utepe, na waulizwe: mwaka wa tano atalipa nani? Nasi tuulizane: nani katoa damu? Kwani ndege haina damu yake. Yachukua ya mja, ikampelekea mja.

Pate maji yangali yakijaa na kutoka kwa saa zake, wala hayamngoji mzazi.