Mzazi Akisafiri kwa Ndege, Kiti Chake Kichaguliwe Mapema

Siku hizi kijana aliyeko Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, aweza kumkatia mzazi wake tiketi ya Umra kwa simu: Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha Jeddah. Hutazama bei, tarehe na uzito wa mizigo, lakini ukurasa wa viti huupita. Matokeo yake, mama mwenye umri wa miaka 70 hujikuta amebanwa katikati ya wanaume wawili asiowajua, na mwanawe yuko safu kumi nyuma.

Ramani ya viti si ngumu kuisoma. Namba huonesha safu, na herufi nafasi. Penye viti vitatu kila upande, A na F ni vya dirishani, C na D vya kando ya njia, B na E vya katikati. Ndege za Q400, ambazo Air Tanzania huzitumia katika safari za ndani, zina viti viwili viwili. Humo hakuna wa kubanwa.

Tunashauri mzee akae kando ya njia. Atainuka kwenda msalani, kutia udhu au kujiandaa kwa ihramu kabla ya mikati bila kuona haya ya kuwasumbua wenziwe. Atanyoosha miguu pia, kwani Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kuketi safarini kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda mishipani takriban mara mbili.

Viti vya safu ya mwisho aghalabu havilali, na foleni ya choo husimama hapo. Vya mlango wa dharura vina nafasi pana, lakini hapewi mtoto, mjamzito wala mzee dhaifu, maana akaaye hapo huenda akatakiwa kuufungua. Mwenye kichefuchefu akae usawa wa mabawa, ambako mtikisiko ni mdogo.

Wanaofuatana wakatiwe tiketi kwa pamoja, wasitenganishwe. Ada ya kiti ikiwa nzito, mashirika mengi huruhusu kuchagua bure wakati wa kuthibitisha safari, aghalabu saa 24 kabla ya kuruka. Kijana awahi saa hiyo.

Kabla ya kulipa, tumuulize mzazi mwenyewe: miguu yake ikoje, na angependa kukaa wapi? Kumhudumia mzazi huanzia hapo. Allah awajaalie wasafiri wetu wafike salama na warejee salama. Amin.