Fahamu: Je, vazi la Iron Man linawezekana?

Iron Man ni shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, Marekani, aliyejitokeza mara ya kwanza mwaka 1963. Hakuzaliwa na nguvu za ajabu. Uwezo wake unatokana na vazi la chuma alilojitengenezea. Ndiyo maana jina lake hutajwa kila kinapozinduliwa chombo kipya cha kuvaliwa.

Kuruka

Hilo limeshafanyika. Mwingereza Richard Browning, mwanzilishi wa Gravity Industries, ana vazi lenye injini ndogo za jeti mikononi na mgongoni. Mwaka 2019 alifikisha kasi ya kilomita 136 kwa saa. Tatizo ni mafuta, ambayo huisha ndani ya dakika chache.

Vita

Jeshi la Marekani lilianza mradi wa vazi la kivita uitwao TALOS mwaka 2013. Ukafungwa mwaka 2019 bila vazi kamili kupatikana, umeme wa kuliendesha ukiwa miongoni mwa vikwazo vikubwa.

Kutembea

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa binadamu. ReWalk, iliyobuniwa Israel na Amit Goffer, ni fremu yenye mota nyongani na magotini. Aliyepooza miguu hushika magongo, huinamia mbele kidogo, na mguu hupiga hatua. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha itumike nyumbani.

Goffer mwenyewe alipooza kwa ajali mwaka 1997. Kwa kuwa mikono yake pia iliathirika, hakuweza kutumia kifaa alichowabunia wenzake.